Kabla ya Dawa ya Minyoo, Hesabu Siku za Mwanambuzi

Mvua zikishachanganya, kwenye maduka ya dawa za mifugo ombi huwa lile lile: nipe dawa ya mbuzi wadogo, wanaharisha. Muuzaji hana nafasi ya kuhojiana na kila mtu. Anashusha chupa ya albendazoli, anapokea hela, anamgeukia mteja anayefuata. Siku 3 baadaye mfugaji yule yule amerudi kununua chupa nyingine ya dawa ile ile, na zizini wameshapungua wawili. Ananung'unika kwamba dawa ni feki. Huenda ni nzima kabisa, ila amepewa mnyama asiye na minyoo.

Yapo mengi ya kumuuliza mwenye mtoto wa mbuzi anayeharisha. Mimi huanza na moja: ana siku ngapi? Jibu lake linafuta nusu ya magonjwa hata kabla mnyama hajaguswa. Minyoo ya malisho huingia tumboni pamoja na majani, kisha huhitaji kama wiki 3 ili wakomae. Mtoto wa mbuzi au wa kondoo naye haanzi kula majani ya kuhesabika mpaka afikishe wiki 2 au 3. Jumlisha mwenyewe. Mtoto wa siku 6 hana namna ya kuwa na minyoo hao. Na beberu wa miezi 5 aliyekonda na kupauka fizi katikati ya masika, hana sababu ya kutibiwa kama kichanga.

Tuanze na hao vichanga, kwa ufupi. Katika siku 10 za kwanza kuharisha hutokana zaidi na bakteria, na maziwa ya chupa yaliyozidi au yaliyochacha, na nyuma ya hayo yote, kukosa dang'a. Mwanambuzi huzaliwa hana kinga ya maana. Kinga yake imo kwenye dang'a la mama, na utumbo wake huipokea vizuri katika saa chache za mwanzo. Ikipita siku nzima, kinachoingia ni chakula tu. Hakikisha amenyonya ndani ya saa 6, hasa kama ni pacha mdogo anayesukumwa na mwenzake. Kama mama amekataa au chuchu zimeziba, kamua umnyweshe, hata ikibidi kuazima dang'a kwa mbuzi mwingine aliyezaa siku hiyo.

Vimelea viwili tu ndivyo vinavyoweza kumfikia mapema hivyo. Kimoja ni kriptosporidia, kijidudu kinacholeta kinyesi cha njano chenye majimaji kuanzia kama siku ya 4 hadi wiki ya 3. Dawa za minyoo hazikigusi. Kinaambukiza binadamu pia, kwa hiyo watoto wa nyumbani wanaowabeba na kuwabusu wanambuzi wanawe mikono kwa sabuni, kila mara. Kingine ni mnyoo mwembamba mno aitwaye Strongyloides. Huyu hapiti njia ya majani: hupitia kwenye maziwa ya mama, au hutoboa ngozi ya mtoto anayelala juu ya matandiko mabichi. Kama una kichanga wa wiki 2 mwenye minyoo kweli, yaelekea ni huyu, na chanzo unakikanyaga kila unapoingia bandani.

Iwe sababu ni hiyo au nyingine, kinachoua kichanga haraka ni kukaukiwa maji. Bana ngozi ya shingo kwa vidole viwili na uiachie. Ikichelewa kurudi, na macho yameanza kuzama, usingoje daktari afike. Changanya pakiti ya chumvichumvi ya kuongeza maji, ile ile ya watoto wetu, katika lita 1 ya maji safi yenye uvuguvugu. Mtoto wa kilo 5 anahitaji kama nusu lita kwa siku, kidogo kidogo, mara 5 au 6. Usimnyime maziwa, ni imani ya zamani kwamba maziwa huzidisha kuharisha, na imewamaliza wengi kwa njaa. Na kama hawezi kumeza, usimkamulie maji mdomoni kwa nguvu, yataingia mapafuni.

Sasa tufike kwenye ugonjwa ambao, kwa maoni yangu, unaua wanambuzi wengi kuliko sifa yake ilivyo. Kati ya wiki 3 na miezi 3 au 4, mtuhumiwa wa kwanza ni koksidia.

Waliowahi kufuga kuku wanalijua jina hili, kwa kuwa ndilo la kuhara damu kwa vifaranga. Jina ni moja, lakini koksidia wa kuku hawezi kuishi ndani ya mbuzi, na wa mbuzi hamsumbui hata kondoo. Kwa hiyo usiwafukuze kuku ukidhani ndio walioleta. Chanzo ni mama zao wenyewe. Karibu kila mbuzi mzima hutoa mayai machache ya koksidia kwenye kinyesi chake, na yeye mwenyewe haugui kwa sababu alishapata kinga utotoni. Mtoto anapolamba sakafu, anaponyonya chuchu iliyolaliwa kwenye kinyesi, anapopanda ndani ya hori kama ilivyo desturi yao, humeza hayo mayai. Ndani ya seli za utumbo kijidudu huzaana, hupasua seli, huingia nyingine, mpaka sehemu kubwa ya ukuta wa utumbo imechunika. Dalili ni kuharisha kinyesi cheusi au cha kijani kibichi, chenye utelezi na wakati mwingine damu. Mkia na mapaja huloa, na mtoto hujikamua kama anayetaka kujisaidia lakini hakitoki kitu. Wapo wanaokufa kabla hawajaharisha sana. Na wale wanaopona hawarudi walivyokuwa: utumbo wenye makovu haufyonzi chakula vizuri, na mwaka mzima utakuwa na kibuzi chenye tumbo kubwa na mgongo wa kuhesabika mifupa.

Wakati mbaya zaidi ni majuma mawili baada ya kuachishwa ziwa, au baada ya kusafirishwa, au baridi kali na mvua inapopiga mfululizo. Mtoto alikuwa amewabeba koksidia kimya kimya. Msukosuko ukampunguzia nguvu, wakashika usukani. Ndiyo maana nashauri kuachisha ziwa kidogo kidogo, bila kuhamisha banda na kubadilisha chakula siku hiyo hiyo.

Albendazoli haimgusi koksidia. Wala ivamektini, wala levamisoli. Kinachotumika ni amproliamu kwa siku 5 mfululizo, au dawa za jamii ya salfa kama sulfadimidini, au toltrazurili, ambayo ni ghali lakini hutolewa mara moja tu. Kipimo akupe mtaalamu kwa uzito wa mnyama, ila kuna mambo matatu ambayo muuzaji husahau kuyasema. Kwanza, usiitie amproliamu kwenye ndoo ya maji kama unavyofanya kwa kuku. Mtoto anayenyonya hanywi maji ya kutosha kupata dozi, na mgonjwa hanywi kabisa. Mnyweshe mmoja mmoja kwa bomba lisilo na sindano. Pili, usizidishe siku. Amproliamu hufanya kazi kwa kumnyima koksidia vitamini B1, na ikitumika muda mrefu humnyima mbuzi naye, hadi ubongo udhurike. Tatu, kama unanunua chakula cha kuku au cha ng'ombe chenye monensini na una punda nyumbani, kiweke mbali naye kabisa. Kiasi ambacho mnyama mwingine anakivumilia humuua punda.

Mmoja akiugua, watibu wote wa rika lake wanaolala naye. Wao pia wameshameza.

Lakini dawa ni nusu ya kazi, na nusu ndogo. Yai la koksidia likitoka kwenye kinyesi haliambukizi papo hapo. Linahitaji unyevu, joto na kama siku 2 au zaidi ili lipevuke. Hapa ndipo ufagio unapoishinda chupa. Banda linalofagiliwa kila siku hutoa mayai nje kabla hayajaiva. Banda linalofagiliwa Jumamosi kwa Jumamosi ni kiwanda. Usidanganyike na dawa za kusafishia vyoo. Ganda la yai hilo linazistahimili nyingi. Linachokiogopa ni ukavu, jua na maji yanayochemka. Kama sakafu ni ya udongo, ondoa tabaka la juu, mwaga chokaa, acha jua liingie kwa siku kadhaa kabla ya kundi jipya la watoto kuzaliwa humo.

Wafugaji wa mbuzi wa maziwa wa Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, walikopelekwa mbuzi wa Kinorwe na Chuo Kikuu cha Sokoine katika miaka ya 1980, wamezoea mabanda ya kuinuliwa yenye sakafu ya mabanzi. Kinyesi hudondoka chini, mnyama hulala pakavu. Kwa koksidia na kwa minyoo pia ni mpango mzuri, kwa sharti kwamba nafasi kati ya mabanzi ipitishe kinyesi bila kunasa mguu wa mtoto. Sentimita 1 hadi 1 na nusu inatosha. Tatizo ninaloliona mara nyingi kwenye mabanda hayo liko pembeni: hori limewekwa ndani, chini, watoto wanalala humo na kujisaidia humo. Liweke nje, mnyama atoe kichwa tu. Na chombo cha maji kinyanyuliwe kifike kifuani mwake. Jambo jingine ni kutochanganya marika. Mtoto wa miezi 2 anaweza kutoa mayai kwa maelfu mengi katika gramu moja ya kinyesi. Ukimlaza na kichanga wa juma moja, umempa kichanga dozi ambayo mama yake asingempa.

Baada ya kuachishwa ziwa ndipo zamu ya minyoo inapofika, na mkubwa wao katika nchi zetu za joto ni Haemonchus contortus. Mchinjaji anayemjua humkuta katika tumbo la nne, lile linalofuata kitabu: nyuzi za sentimita 2 au 3 zinazojinyonganyonga, jike akiwa na mstari mwekundu na mweupe iliyosokotana. Mwekundu ni damu. Mnyoo mmoja hunyonya hadi mililita 0.05 kwa siku. Ukiwa na minyoo 1,000, jambo la kawaida wakati wa mvua, ni mililita 50 kila siku, kwa mnyama wa kilo 10 ambaye damu yake yote haizidi sana mililita 700. Jike naye hutaga zaidi ya mayai 5,000 kwa siku.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea: mnyoo huyu kwa kawaida haleti kuharisha. Mfugaji anayesubiri kinyesi cha majimaji atasubiri mpaka mnyama aanguke. Kinyesi kinaweza kuwa punje nzuri kabisa, ngumu hata, huku mnyama anabaki nyuma ya kundi, anahema akipanda kilima kidogo, manyoya yamesimama. Chini ya taya hujitokeza uvimbe laini wa maji, mkubwa jioni baada ya kutwa nzima ya kuinamisha kichwa malishoni, na asubuhi umepungua. Watu husema kaumwa na nyuki. Akiharisha mnyama wa umri huu, fikiria zaidi jamaa zake Haemonchus wanaokaa kwenye utumbo mwembamba, kama Trichostrongylus, au yule anayeacha vipele vigumu kwenye ukuta wa matumbo, vinavyofanya wauza supu wayatupe.

Tegu nao huonekana sana, kwa sababu vipande vyao hutoka kwenye kinyesi kama punje za wali, na mfugaji akiviona hushtuka. Kusema kweli, hao ni wapole. Ukiona vipande vya tegu na mnyama amepauka, kinachompausha ni kingine.

Kupauka kunapimwa machoni. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa mifugo wa Afrika Kusini, wakiongozwa na Dkt. Francois Malan, walitengeneza kadi ya rangi 5, iitwayo FAMACHA, kuanzia nyekundu ya damu hadi nyeupe ya karatasi, ya kulinganisha na utando wa ndani wa kope la chini. Hata bila kadi unaweza kujifunza. Simama na mnyama juani, si bandani. Kwa kidole gumba kimoja funika jicho kwa kope la juu na ukandamize taratibu. Kwa kingine vuta kope la chini ulishushe, utando utajitokeza wenyewe. Tazama mara moja, kwa sekunde 2 tu, maana ukiendelea kuliweka wazi linazidi kuwa jekundu. Angalia jicho la pili, kwa kuwa vumbi na ugonjwa wa macho hudanganya. Wekundu: mwache. Pinki iliyofifia au nyeupe: mpe dawa leo. Ile ya katikati, kwa mnyama mzima mwenye afya unaweza kungoja. Kwa mwenye umri chini ya mwaka, mjamzito au anayenyonyesha, mpe. Wakati wa mvua fanya hivyo kila baada ya wiki 1 au 2. Mbuzi 20 hawachukui nusu saa ukishazoea. Kumbuka tu kwamba kope linasema habari za damu. Halitakuambia lolote juu ya koksidia.

Faida ya kumtibu anayehitaji peke yake inazidi kuokoa hela. Katika kila kundi wanyama wachache hubeba minyoo mingi, na wengine wanaishi nao bila shida. Ukiwanywesha wote kila mwezi kwa kalenda, minyoo wanaobaki hai ni wale tu wasiosikia dawa, na ndio watakaozaliana. Hili halikuanza jana. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliandika juu ya Haemonchus wa kondoo wa Tanzania wasiouawa na dawa za jamii ya albendazoli, na Kenya habari kama hizo zilikuwa zimeshatoka. Minyoo wasiowahi kukutana na dawa, wale walio ndani ya mnyama mwenye kope jekundu uliyemwacha, ndio wanaochanganyika na sugu na kuwapunguza makali.

Njia ya mkato ya kuwatengeneza minyoo sugu ni kupunguza dozi, na wengi wetu tunapunguza bila kujua. Mbuzi si kondoo mwenye ndevu. Ini lake huivunja dawa haraka zaidi, kwa hiyo dozi iliyowekwa kwa ajili ya kondoo humuacha mnyoo wa mbuzi amelewa tu. Wataalamu wengi huelekeza mbuzi apate mara 2 ya dozi ya kondoo kwa albendazoli na ivamektini ya kunyweshwa, na mara 1 na nusu kwa levamisoli, ambayo haina mzaha: ikizidi hapo mnyama hutokwa udenda, hutetemeka, na anaweza kufa. Tuchukue mfano. Mwanambuzi ana kilo 12. Albendazoli ya asilimia 2.5 ina miligramu 25 katika kila mililita. Dozi ya kondoo ya miligramu 7.5 kwa kilo ingekuwa miligramu 90, yaani mililita 3.6. Kwa mbuzi ni mililita 7.2. Madukani ipo pia ya asilimia 10, yenye nguvu mara 4, na chupa zinafanana. Soma namba kabla ya kuvuta bomba. Mwonyeshe daktari wa mifugo hesabu yako mara ya kwanza, umuulize na siku za kungoja kabla ya kula nyama au kunywa maziwa, kwa kuwa dozi ikipanda siku hizo nazo hupanda. Albendazoli usiwape waliopandwa karibuni, katika mwezi wa kwanza wa mimba.

Uzito usikadirie kwa macho. Panda mizani ya nyumbani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa. Bomba liingie pembeni mwa mdomo, lifike nyuma ya ulimi, dawa imiminwe polepole kichwa kikiwa usawa. Ukimimina mbele, anaweza kuifyatulia moja kwa moja tumbo la nne na kupita haraka, au kukutemea shati zima.

Unataka kujua kama dawa yako bado inafanya kazi? Chukua kinyesi kibichi kutoka njia yenyewe ya haja, cha wanyama 10 kama unao, kabla ya kuwapa dawa, na cha wanyama wale wale siku 10 hadi 14 baadaye. Kiweke kwenye mifuko ya plastiki iliyoandikwa namba ya mnyama na umri wake, ndani ya chombo chenye barafu lakini kisigande, na kifike maabara siku hiyo au kesho yake. Tanzania kuna Wakala wa Maabara ya Veterinari, makao yake Temeke na matawi kwenye kanda; Kenya kuna maabara ya Kabete na za mikoani, kama Mariakani kwa watu wa Pwani. Mayai yakipungua chini ya asilimia 95, badilisha jamii ya dawa. Jamii, si jina la chupa. Albendazoli na fenbendazoli ni ndugu. Kuhama kutoka moja kwenda nyingine ni kuhama chumba ndani ya nyumba ile ile.

Malishoni, mambo makubwa ni urefu wa majani na siku. Mnyoo mchanga huogelea kwenye umande na kupanda jani, lakini wengi hawapandi zaidi ya sentimita 5 kutoka ardhini. Kwa hiyo usiwatoe watoto alfajiri. Ngoja umande ukauke. Na usiache kundi litafune mpaka kwenye udongo. Mbuzi aliyeachiwa vichaka, akala kichwa kikiwa juu, hukutana na minyoo wachache mno kuliko kondoo wa uwanjani. Adui hapa ni kamba. Mbuzi anayefungwa kwenye mti ule ule nyuma ya nyumba, mduara ule ule, juma baada ya juma, anakula kinyesi chake mwenyewe kilichogeuka minyoo. Hamisha kigingi kila siku, na usirudi ulipokuwa mpaka upite mwezi na zaidi.

Namba hiyo haikutoka hewani. Yai hubadilika kuwa mnyoo wa kuambukiza kwa kama juma moja kwenye joto na unyevu, halafu mnyoo huyo hubaki hai kwa akiba aliyobeba tu, na joto humchosha haraka. Watafiti huko Tonga, visiwa vya joto na mvua, waligawa malisho ya mbuzi vipande 10, kila kimoja kikiliwa siku 3 na nusu. Mbuzi walikuwa wameondoka kabla minyoo hawajaiva, na mzunguko wa siku 35 ulipowarudisha, wengi wa minyoo hao walikuwa wameshakufa. Tanga, Kwale au Unguja hesabu kama hiyo inaweza kufuatwa. Njombe au Limuru, ambako baridi huwahifadhi minyoo, siku 35 hazitoshi.

Chakula chenye protini nacho ni dawa, kwa kuwa damu na kinga hujengwa nayo. Majani ya lusina, glirisidia au kaliandra, mashudu ya alizeti, vyovyote utakavyopata, wapewe kwanza waliotoka kuachishwa ziwa na mama wanaonyonyesha. Mama hawa, majuma machache kabla na baada ya kuzaa, kinga yao hulegea na mayai ya minyoo kwenye kinyesi chao hupanda ghafla, wakati ule ule mtoto anapoanza kuonja majani nyuma yao. Kagua kope zao mara nyingi zaidi kipindi hicho.

Upande wa mbegu, pwani ya Kenya kulifanyika kazi kubwa katika miaka ya 1990, kwenye shamba la Diani, ambako kondoo wekundu wa Kimaasai walifugwa pamoja na Dopa, kondoo mzuri wa nyama aliyetokana na machotara wa Afrika Kusini. Katika unyevu ule, kondoo wa Kimaasai walitoa mayai machache ya minyoo, damu yao ilibaki nzuri, na watoto wao walikufa wachache. Dopa hukua haraka na hupendeza macho mnadani, sikatai. Ila anayeishi penye mvua na anawaondoa kondoo wa Kimaasai wote kundini ajue anachokiuza. Hata bila kubadilisha mbegu, andika wale unaowapa dawa mara kwa mara, na wakati wa kupunguza kundi, waanze hao. Watoto wa kike wa jike ambaye kope lake halijawahi kufifia usiwauze.

Neno la tahadhari kabla sijafika mwisho. Wakiharisha wengi kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo, wana homa, macho na pua vinatoa uchafu na mdomoni kuna vidonda, hiyo inaweza kuwa sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Kenya mwaka 2006 upande wa Turkana na Tanzania mwaka 2008 wilayani Ngorongoro. Usihamishe mnyama hata mmoja, mpigie ofisa mifugo siku hiyo hiyo. Ina chanjo, na chanjo hutolewa kabla.

Kwa ajili hiyo hiyo, mbuzi uliyemnunua mnadani asilale na wa kwako usiku wa kwanza. Mweke pekee kwa wiki 3. Siku ya kwanza mpe dawa mbili za jamii tofauti, kila moja kwa dozi yake kamili na bomba lake, bila kuzichanganya. Kwa siku 2 akae kwenye sakafu kavu, aletewe majani, na kinyesi chake cha siku hizo kichomwe au kizikwe. Wiki 3 zikiisha salama, mwachie kwenye malisho ambayo kundi lako limeshayapitia, wala si kwenye kipande kipya ulichokitunza, ili minyoo sugu wachache waliosalia ndani yake wazidiwe idadi na wa kwako ambao bado wanasikia dawa.